Siku ya Kufua

Wadogo zangu, leo naanza na suruali ya jinzi.

Mwaka jana mwezi wa sita suruali hiyo ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba ya mama mdogo, Tukuyu. Niliifua Jumapili jioni. Jumatatu ilikuwa bado inachuruzika. Jumanne ikaacha kuchuruzika, lakini ukiibana kiunoni unapata maji ya kumnywesha kifaranga. Anayeijua Tukuyu hashangai: Mbeya mjini jua likiwa limewaka, kule mawingu yanashuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yanaingia bila hodi. Jumatano alfajiri niliivaa hivyo hivyo mbichi, nikapanda kosta kurudi Mbeya, maana Alhamisi nilitakiwa kuwa kwenye basi la Iringa. Njia nzima nimekaa kama mtoto aliyejikojolea. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu na kapu la maparachichi alinitazama, akakitazama kiti, akasogea.

Hapo nilikuwa sijamaliza safari ya kwanza na ya pili inaningoja. Zilikuwa tano. Matema na wenzangu niliosoma nao. Iringa kwenye kipaimara cha mpwa wangu. Ruaha na watu wa kazini. Kitulo na ndugu zangu wa tumbo moja. Halafu mwezi wa nane Nane Nane na Mama, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa ananikumbusha kwamba hajawahi kupelekwa na mwanawe kutazama ng'ombe wa maonyesho. Kila aliyenialika nilimwitikia. Nilijiona mtu wa watu.

Nimeikumbuka jinzi hiyo kwa sababu ya binti wa Mafinga aliyeniandikia. Ameajiriwa kwa mara ya kwanza, ana likizo yake ya siku 28 kama sheria inavyosema, na ana mialiko minne ndani ya siku hizo 28: shangazi anayerudi kutoka ughaibuni, rafiki anayeolewa Mbeya, grupu la wasichana wanaotaka ziwani, na mama mkwe mtarajiwa anayetaka kumwona. Anauliza amkatalie nani bila kuonekana ana maringo.

Mdogo wangu, kabla hujahesabu hela, hesabu siku za kufua.

Siku ya kufua ni siku nzima upo kwako, begi limemwagwa lote sakafuni. Unafua, unaanika, unapika ugali kwenye sufuria yako, unahesabu kilichobaki kwenye simu na kwenye pochi, unampigia mama, unalala saa nane mchana bila kumwomba mtu radhi. Ukirudi Jumapili usiku na kuondoka Jumatatu alfajiri, hujafanya safari mbili. Umefanya moja ndefu iliyokuchosha mara mbili. Na kwa baridi yetu hii siku moja haitoshi. Mimi sasa kipimo changu ni jinzi: ikikauka, naondoka. Haijakauka, nipo.

Maana lazima tukubaliane kuhusu majira. Wenzetu wa Ulaya na Marekani likizo yao ndefu inaangukia kwenye joto, nao ndio wanaopanga kalenda ya ukoo. Shangazi yupo London, watoto wake wanafunga shule mwezi wa saba, basi harusi, ubarikio na kutambulishana kwa ukoo mzima vinasukumwa mwezi wa saba na wa nane ili shangazi awepo. Shule zetu nazo zinafunga mwezi wa sita. Kwa hiyo watu wa Nyanda za Juu tunatembeleana katika miezi ambayo ndiyo kipupwe chenyewe, asubuhi nyasi za Uyole zimeganda nyeupe. Binamu wa Dar es Salaam anashuka stendi ya Mbeya na kandambili na kaptula, anauliza kama kuna feni chumbani.

Ukiwa mwenyeji, mpeleke Mwanjelwa kwenye mitumba kabla hujampeleka kokote. Koti zito la kuvaa wiki mbili halihitaji kununuliwa dukani.

Na hapa nisimame kidogo, utani pembeni. Kila kipupwe huku kwetu tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Wageni wengi, vyumba vichache, godoro limewekwa sakafuni, mtu anahurumia watoto wa dada yake anaingiza jiko "lipashe kidogo" na kufunga dirisha. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu na haina moshi. Inakuletea usingizi mtamu, basi. Mlango wazi nusu hautoshi. Jiko likae nje. Nunua blanketi la pili, vaa soksi mbili, laleni watatu kitanda kimoja mkigombana. Ukiwa mgeni na mwenyeji wako, hata akiwa mkubwa kwako, ameingiza jiko, amka ulitoe. Kesho utamwomba samahani kwa heshima zote, naye atakuwepo wa kukusikia.

Sasa Matema. Sina la kuwaambia kuhusu uzuri wake mtakaloamini kabla hamjafika: Ziwa Nyasa mbele, milima ya Livingstone imesimama nyuma kama ukuta, mchele wa Kyela na samaki aina ya mbasa mezani. Tulikuwa sita kwenye Noah ya kukodi. Jumamosi tulikwenda mnada wa Lyulilo wanakouzwa vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa upande wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Nilinunua kimoja cha rangi ya udongo chenye michoro myeupe shingoni, nikakifunga kanga, nikakipakata kama mtoto mchanga kutoka Matema mpaka Tukuyu, na ile Jumatano kutoka Tukuyu mpaka nyumbani kwangu Sae, Mbeya. Kilivuka makorongo yote. Kilivunjikia mlangoni kwangu, nikiwa natafuta ufunguo.

Kilichonivunja mimi kilikuwa kingine. Nilikuwa mweka hazina. Hakuna aliyenichagua, niliuliza tu kwenye grupu, "Nani anakusanya?" na kimya kilipozidi nikaandika namba yangu. Wawili wakatuma mapema, pamoja na ya kutolea. Mmoja akatuma bila ya kutolea. Mmoja akatuma nusu. Wa mwisho, ambaye ni shoga yangu tangu kidato cha kwanza, akaandika "nitakupa tukionana" na kuweka vikatuni vitatu vya kucheka. Tulionana siku nne, tukala, tukaogelea, tukapiga picha. Hakunipa. Nami nikaona aibu kumdai mbele za watu, nikaongezea kutoka kwenye hela niliyokuwa nimetenga kwa ajili ya Mama, nikiamini nitairudisha. Tukarudi, nikaanza kumjibu kwa mkato. Akaona nimebadilika. Mpaka leo yeye anaamini nilimwonea wivu kwa sababu ya mchumba wake. Urafiki wa miaka kumi na mitatu umekufa kwa nauli na samaki.

Basi ninachofanya sasa ni hiki, na mniite mgumu mkitaka. Hela ya usafiri na malazi inakusanywa yote wiki moja kabla, pamoja na ya kutolea. Siku ikifika na jina lako halina alama ya vema, gari linaondoka na watano, nasi watano tunabaki tunakupenda. Hela ya chakula kila mtu anakaa nayo. Daftari linawekwa mezani jioni, kila mtu analiona. Na mweka hazina haongezi kutoka mfukoni kwake hata shilingi mia. Akiongeza mara moja, atakuwa ameongeza safari nzima.

Na wewe binti, kama kwenye grupu kuna mwanaume aliyejitolea kukulipia kila kitu, simkatai, huenda ni mwema. Lakini nauli ya kurudi iwe yako na asiijue ilipo. Mama zetu waliifunga kwenye pindo la kanga. Kwenye simu haitoshi, maana simu inazima na mtandao wa ufukweni una tabia zake. Na chumba utakacholala ukijue kabla hamjaondoka, mnalala wangapi na nani. Swali hilo ukiliuliza nyumbani ni la kawaida. Ukiliuliza saa tatu usiku mbele ya mapokezi, limeshakuwa ugomvi.

Iringa sasa. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kwa basi ni kutwa, msidanganywe na mpiga debe. Treni ya TAZARA isiwachanganye: kila mwaka kuna mtu ananiuliza saa ya kushuka Iringa. Reli ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inafika Makambako halafu inateremka Mlimba kuelekea Kilombero. Iringa haipiti. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023, na najua mnayapenda kwa sababu yanaokoa hela ya kulala. Kwa safari hii mimi sipandi. Kuna ukungu wa Mufindi, kuna malori ya Tunduma, na hela uliyookoa ya chumba unailipa kwa siku nzima ya kusinzia kwenye sherehe ya watu.

Wengi huku tunafikia kwa ndugu, na kufikia kwa ndugu kuna kazi yake. Nilikwenda na marafiki wawili ambao dada yangu hakuwa amewategemea. Nilimwambia nikiwa tayari nimefika Makambako. Akasema "karibuni," kama ambavyo mke wa mtu yeyote Iringa angesema, akatoa mashuka. Asubuhi ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa baridi ile hakuna mgeni anayeoga maji ya baridi. Tulikuwa watu wanane ndani ya nyumba, ndoo nane za maji ya moto kabla ya saa mbili, na dada yangu mwenye mtoto wa kipaimara alikuwa ameamka saa kumi usiku kuinjika. Mimi nilikuwa nimemletea pakiti mbili za biskuti na soda.

Tangu siku hiyo sipeleki biskuti. Nikifika kwa mwenyeji kipupwe, cha kwanza namjazia mtungi wa gesi au nanunua gunia la mkaa, naliweka jikoni kimya kimya. Kisha naamka kabla yake. Mnaujua ule msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Kwa dada yangu jembe ni ile sufuria kubwa, na si vizuri kusubiri upewe. Na idadi ya watu unaokuja nao unaitaja wiki moja kabla, kwa namba, si "tupo wachache."

Wakubwa wa pale mkiwakuta, anzeni na "kamwene." Mtajibiwa kwa furaha hata kama Kihehe chenu kinaishia hapo hapo.

Kipaimara kiliisha Jumapili. Jumatatu nikampeleka mpwa wangu Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye barabara ile ile ya Ruaha. Watu wengi wanaokwenda Iringa hupiga picha juu ya jiwe la Gangilonga jua likizama, wakaridhika. Sibezi; jiwe ni zuri na mji wote unauona chini yako. Ila Kalenga ni chumba kidogo kinachokunyamazisha. Ndani ya kisanduku cha kioo kuna fuvu la Chifu Mkwawa. Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu na kwa kawaida ni vigumu kumtenganisha na simu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akauliza walikipeleka wapi kichwa na kwa nini.

Nilimweleza ninayoyajua. Kwamba Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliteketeza jeshi la Wajerumani pamoja na kamanda wake, Zelewski. Kwamba Wajerumani walirudi na mizinga na kuiangusha ngome hii ya Kalenga Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana porini miaka minne mingine, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa, kikaenda Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kati ya mambo mazito ya mipaka na fidia za mataifa makubwa, kikaingizwa kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Lilirudi 1954, Gavana Twining akalileta mwenyewe.

Mtoto akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo kutoka mkataba mpaka kurudi ni miaka 35?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mama anasema mimi ndiye ninayechelewesha vitu vya watu."

Mkitokea Mbeya, Isimila mtaikuta kabla ya kuingia mjini, kama kilomita 20. Zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa pale 1951, na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zinasimama bondeni ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Nendeni asubuhi. Mchana bonde lile linawaka hata katika kipupwe.

Ruaha nitaipitia upesi, kwa sababu yenyewe haikuniharibikia. Ilianzishwa kuwa hifadhi 1964, na miezi hii ya kiangazi ndiyo yake: maji yanapungua kila mahali, wanyama wanasogea kwenye mto, nawe unawakuta bila kuwatafuta. Msivae bluu iliyoiva wala nyeusi, mbung'o wanaipenda. Mchukue kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, na malizeni malipo mkiwa mjini kwenye mtandao wa uhakika. Wenzangu wa kazini walilipa kwa wakati, wakalala mapema, hakuna aliyeimba kwenye gari. Nadhani ndiyo maana sina hadithi.

Kitulo ndiyo ina hadithi, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na picha kwenye simu: uwanda mzima maua ya njano, meupe na ya zambarau, utadhani mtu amemwaga duka la kanga. Nikawatumia ndugu zangu, nikawaambia hii ndiyo Bustani ya Mungu, ipo hapa hapa kwetu, tunasubiri nini? Tukapanda kwa njia ya Chimala kwenda Matamba, ile yenye kona 57. Mdogo wetu wa mwisho alianza kuzihesabu kwa sauti. Kwenye ya thelathini na kitu aliomba gari lisimame, akatapika, akatangaza kwamba kona zilizobaki azihesabu mwingine. Tulipofika juu tulikuta nyasi za kahawia mpaka upeo wa macho, na upepo unaopita kwenye sweta kama halipo. Askari wa hifadhi alitutazama kwa huruma ya mtu aliyezoea. "Maua?" akasema. "Rudini mwezi wa pili."

Mdogo wetu, midomo ikiwa bado ya bluu, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo bustani imefungwa?"

Kitulo inachanua wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina za okidi peke yake ni 45. Moja ya sababu za kuilinda ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Hayo yote niliyasoma baada ya kurudi. Hata yule kima anayeitwa kipunji, ambaye wanasayansi walimfahamu 2003 tu kwenye misitu ya Rungwe na Kitulo wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku nyingi, hatukumwona, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi kushuka. Jumatatu nilikuwa kazini.

Angalieni basi: miezi inayoipamba Ruaha ndiyo inayoivua Kitulo nguo. Ukimwuliza mwenyeji mmoja tu, anakuambia bure. Ziwa Ngosi nalo lina siku zake. Ile njia ya kupanda msituni mvua ikinyesha ni sabuni tupu, kwa hiyo hilo ndilo la kiangazi. Daraja la Mungu pale Kiwira unaweza kupita siku yoyote, ila ulizeni kabla hamjatoa simu ya picha, kuna maeneo ya Magereza jirani. Nilichokosa mimi ni siku moja ya kukaa na kuuliza. Siku ya kufua ni siku ya kuuliza pia.

Tulirudi kutoka Kitulo Jumapili usiku. Nguo zote za safari nilizilundika kwenye beseni, nikasema nitafua mwisho wa juma. Mwisho wa juma nilikuwa nimechoka. Lililofuata vilevile. Nane Nane zilibaki siku mbili simu ikalia saa kumi na moja alfajiri: baba mkubwa amefariki, Makete.

Wadogo zangu, kwetu huku hakuna mpango wa safari usiokuwa na msiba ndani yake. Haisemwi kwa ubaya, ndivyo tulivyo wengi na ndivyo tunavyopendana. Anayepanga likizo bila fungu la msiba anapanga likizo ya mtu asiyekuwa na ukoo.

Mimi sikuwa na fungu hilo. Nilifungua simu nikakuta salio la kununulia vocha. Nikafungua kabati kutafuta kitenge na kanga ya msibani. Vilikuwa ndani ya beseni, vimeanza kunuka. Nilikwenda na gauni la kazini na kanga ya jirani, kwa nauli niliyokopa. Mama alikuwa ameshafika. Mchango wa watoto ulipopita, jina langu likasomwa na sifuri mbele yake, na mdogo wangu, yule yule wa kutapika, akanyoosha mkono akasema atanitolea. Mama hakusema kitu pale. Usiku, tumelala kwenye mkeka, blanketi moja watu wanne, akaninong'oneza, "Hela ya Matema ulikuwa nayo."

Hakuongeza neno. Na ng'ombe wa Nane Nane hakuwaona.

Binti wa Mafinga, haya sasa yako. Harusi ya rafiki yako nenda, kwa sababu harusi haihamishwi. Shangazi nenda ukamwone, ila kwa siku moja na kulala, usikae wiki nzima ukimpikia yeye na wageni wake. Mwambie umefurahi kumwona na kazi zako umeziacha, ataelewa, huko anakotoka ratiba wanaijua. Mama mkwe mtarajiwa mpelekee salamu na umwombe tarehe ya mwezi ujao; mwanamke aliyelea mwana wa kiume hawezi kushindwa kusubiri wiki tatu, na kama hawezi, ni vizuri umelijua mapema. Wasichana wa ziwani waambie hapana. Usiseme "tutaona," usiseme "Mungu akipenda nitawajulisha." Hizo sentensi ndizo zilizonipeleka safari tano. Sema, "Mwaka huu siwezi, ninyi nendeni, mniletee samaki." Watanuna siku mbili, ya tatu watakutumia picha.

Katikati ya harusi na shangazi acha siku mbili. Fua. Kitenge kimoja na kanga moja vikunjwe viwekwe juu kabisa kabatini, visiguswe kwa sherehe. Na hela ya fungu la msiba umpe mtu wa kukuwekea ambaye hasafiri.

Mimi mwaka huu nina safari mbili. Moja niliifanya mwezi wa pili, Kitulo, na mdogo wangu alikaa kiti cha mbele. Ya pili ni ya Mama: tutakuwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, tarehe saba mpaka tisa mwezi wa nane, na sijamwitikia mtu mwingine yeyote mwezi huo. Leo ni Alhamisi. Kamba imejaa, na jinzi ipo ya tatu kutoka mwisho, bado mbichi mifukoni.